Pini Mdomoni

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha nesi wa kiwanda kwenye kiti kigumu, kalamu mkononi, na bosi wake akizungusha ufunguo mlangoni. Wiki nzima mmeniuliza kama alisaini. Jamani, subira kidogo. Hata mimi sikupata usingizi.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, mambo yako hivi. Kiwanda hiki kinashona sare za shule. Ndani ya wiki tatu mafundi kumi na mmoja wamevimba mashavu, na nesi ameandika neno moja mara kumi na moja kwenye rejesta yake: matubwitubwi. Saa nne asubuhi hii basi litachukua mafundi ishirini kwenda shule ya bweni kuwajaribisha sare wasichana mia sita. Shule imetoa sharti moja tu. Hakuna fundi anayevuka geti bila barua ya nesi.

Barua ilishachapwa. Ilisema mafundi wote ni wazima wa afya, na kwamba wale kumi na mmoja walikuwa wanaumwa meno. Kilichobaki ni sahihi.

"Saini," alisema bosi.

Mafundi walimbatiza Mkasi, kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake.

"Bosi, haya si me..."

"Ni meno."

"Watu kumi na mmoja? Wote wa meza moja? Wameumwa meno kwa zamu kama wanaopanga foleni?"

"Wanapenda sukari. Saini."

Chumba kile kilikuwa na joto la kukausha shati, lakini Mkasi alikuwa amejizungushia skafu kuanzia shingoni hadi kwenye masikio. Chai yake aliinywa kwa mrija. Nesi aliyaona hayo yote, akayaweka kiporo.

Mkasi alizunguka meza. Akainama karibu na sikio la kushoto la nesi, akanong'ona kwa muda mrefu, taratibu, kama mtu anayeonja maneno yake mwenyewe. Kisha akasimama wima akisubiri machozi.

"Umemaliza?" nesi aliuliza.

"Hukunisikia?"

"Sikusikia hata moja. Sikio hilo halifanyi kazi tangu nina miaka saba. Hamia kulia, bosi, unitishe vizuri."

Mkasi alibaki mdomo wazi. Ndiyo mara ya kwanza yeye kukatwa.

"Lilipatwa na nini?"

"Matubwitubwi. Nyumbani walisema ni meno."

Alihamia kulia. Mtu wa aina ile hakosi pa kuhamia. Safari hii nesi alisikia kila neno.

"Usiposaini, leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa. Na shangazi yako utaondoka naye. Miaka ishirini na minane ya kazi, atatoka getini na mkoba wake tu. Kazi nitampa mwingine kesho asubuhi."

Hapo alimpata. Shangazi yake alikuwa fundi mkuu wa kiwanda, ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, ndiye aliyemshonea hata gauni lake la kwanza la kazi. Kujifukuzisha mwenyewe ni jambo moja. Kumfukuzisha aliyekulea ni jambo jingine kabisa. Nesi aliogopa, nami sitawaficha.

Kalamu ilishuka kwenye karatasi. Ikagusa.

Msimlaumu bado.

Ofisi ya Mkasi iko juu, na ina kioo kipana kinachotazama ukumbi wa kushonea. Nesi aliinua macho ili asiitazame barua ile, akamwona shangazi yake chini, kwenye meza ya dirishani, akijiandaa kwa safari. Alichomoa pini kutoka kwenye mto mwekundu, akazibana midomoni, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Akawa anazitoa moja moja na kubandika pindo la gauni. Fundi wa pembeni akazichomoa pindoni, naye akazibana midomoni mwake. Alipomaliza akazirudisha kwenye mto ule ule mwekundu, na fundi wa tatu akanyoosha mkono.

Nesi alikuwa ameliona jambo hilo mara elfu. Ndivyo walivyofanya kazi. Fundi mgeni alipofika meza ile, somo la kwanza lilikuwa kuuma pini bila kujichoma na huku anaongea.

Aliiacha kalamu. Akavuta rejesta.

Kumi na mmoja, wote wa meza ya dirishani, penye hewa safi na mwanga. Meza ya chooni, ile iliyobanwa kwenye kona karibu na choo, ambako hata feni haifiki, hakuna aliyevimba. Maji wanakunywa yale yale, wanaingia mlango ule ule. Kwa nini?

Kwa sababu miaka minne iliyopita fundi mmoja wa meza ya chooni alichekeshwa na wenzake akameza pini. Nesi ndiye aliyempeleka hospitali, akimshika mkono njia nzima. Tangu siku hiyo meza ile iliapa. Kila fundi ana kimto chake kidogo cha pini, amekifunga kwenye kifundo cha mkono, na mdomoni hakiingii chuma.

"Ni pini," alisema nesi.

"Pini gani? Saini!"

"Ni pini, bosi! Mate ya mmoja yanaingia kwa mwenzake kutwa nzima!"

Juu ya meza palikuwa na kipaza sauti, kile anachotumia Mkasi kuwatangazia watu kwamba wamekaa chooni kupita kiasi. Nesi alibonyeza kitufe.

"Mafundi wa meza ya dirishani! Temeni pini! Sasa hivi!"

Ukumbi mzima uliinua vichwa. Mkasi alirukia kipaza sauti, nesi akakishika kwa mikono miwili, na mafundi mia moja na arobaini wakasikia vita kwa matangazo ya moja kwa moja.

"Nipe!"

"Sikupi!"

"Wewe mwanamke, acha ujinga! Nani atajua? Wakiugua huko shuleni, si watasema wameugulia huko huko?"

Mkasi alitazama kipaza sauti. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Alitazama kupitia kioo. Chini, mikono yote ilikuwa imetulia juu ya mashine, na kila jicho lilikuwa limeelekea kwake.

Vikasikika viatu kwenye ngazi, vizito, visivyo na haraka. Mlango ukagongwa mara moja.

"Fungua," ilisema sauti ya shangazi. "Au nifungue kwa pasi."

Mkasi alifungua. Nani angebisha na mwanamke mwenye pasi?

Shangazi aliingia, utepe wa kupimia shingoni, pasi mkononi, mafundi sita nyuma yake. Pini nyingine kumi na mbili zilikuwa midomoni mwake, na aliongea nazo kama hazipo.

"Mtoto niliyemlea kwa mikono yangu, unaniambia niteme mbele ya kiwanda kizima? Kwa kipaza sauti?"

"Shangazi, zitoe kwanza."

"Sizitoi! Miaka ishirini na minane sijameza hata moja. Huu mdomo ni mkono wangu wa tatu. Na hawa wote nimewafundisha mimi."

"Najua, shangazi. Nyumbani una mswaki?"

"Swali gani hilo?"

"Ungekubali watu kumi na wawili wautumie mswaki wako huo huo, asubuhi hadi jioni, bila hata kuusuuza?"

Fundi mmoja nyuma alijishika mdomo.

"Huo mto mwekundu ndio mswaki wenu," alisema nesi. "Virusi vya matubwitubwi vinakaa kwenye mate. Mmoja wenu alivileta, hata hakujua. Akauma pini, akazirudisha, mwenzake akazichukua. Meza ya chooni kila mtu ana zake. Haya, nani amevimba meza ya chooni?"

Mafundi sita walitazamana. Jibu walilijua.

Shangazi alikunja uso. Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia. "Kwa hiyo ni mimi. Mimi ndiye niliyewaambukiza wanangu."

"Sikutafuti wewe, shangazi. Natafuta njia uliyopitia ugonjwa, niizibe."

Mkasi akaona mwanya. Watu wa aina yake huona mwanya hata gizani.

"Basi, tumeelewana! Pini zibaki hapa, mafundi waende mikono mitupu. Nesi, saini tuondoke."

"Watakwenda bila mate? Watakwenda bila kukohoa, bila kuongea uso kwa uso na mtoto wakimfunga kola? Bosi, mtu wa matubwitubwi anaanza kuambukiza siku kama mbili kabla shavu halijavimba. Wengine hawavimbi kabisa, wanaambukiza tu. Wewe unajua nani kati ya hawa ishirini ana virusi sasa hivi? Mimi sijui. Na kama mimi sijui, siandiki kwamba najua."

"Fundi mkuu!" Mkasi alimgeukia shangazi, sauti ikalainika ghafla. "Wewe ni mama mtu mzima. Mwambie mtoto wako. Neno lenyewe dogo. Mwambie aandike meno."

Lo! Laiti angenyamaza.

Shangazi hakumtazama Mkasi. Alimtazama nesi.

"Hilo neno nilishalisema mara moja," alisema. "Ulikuwa na miaka saba. Uliamka shavu limejaa, unashika sikio, unalia. Ilikuwa Jumatatu na nilikuwa nachelewa hapa hapa kiwandani. Nikakufunga kitambaa kichwani, nikakwambia ni meno, yatapoa. Nikakuacha kitanda kimoja na watoto wenzako wanne. Jioni nikarudi, nikakuita nikiwa mlangoni. Hukugeuka. Nikadhani umeninunia."

Miaka yote nesi alidhani shangazi amesahau.

"Shangazi, labda hata hospitali wasingeliokoa sikio lile."

"Labda. Lakini wale wanne nao wakavimba, mmoja baada ya mwingine. Hao ningewaokoa. Ningekutenga tu, nikae nyumbani nawe siku tano. Sikufanya hivyo kwa sababu nilisema ni meno."

Kisha alifanya jambo ambalo mafundi watalisimulia mpaka wastaafu. Alisogea kwenye meza ya Mkasi, akainama juu ya kikombe chake cha chai, akaanza kutema. Pini ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Zote kumi na mbili zilizama kwenye chai ya bosi, na hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa wote walitaka.

Akafuta midomo kwa kitambaa. Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Mimi ni fundi mkuu. Hakuna anayepanda basi. Mto mwekundu uchomwe moto. Aliyevimba arudi nyumbani akae siku tano, na asichangie kikombe na mtu. Wengine wote vaeni barakoa mpaka nesi aseme. Anayetaka kubishana nami aje na cheti cha udaktari."

"Nitawafukuza wote!" alifoka Mkasi.

"Utashona wewe?"

Chini, mashine zilianza kuzimwa. Moja, kisha kumi, kisha zote, mpaka kiwanda kikawa kimya hata ungesikia uzi ukianguka. Nje, dereva wa basi alipiga honi. Akapiga tena. Hakuna mtu aliyetoka.

Mmeniuliza kama nesi alisaini. Alisaini. Aliigeuza ile barua, akaandika mgongoni kwa mkono wake: Kiwandani kuna matubwitubwi. Hakuna fundi wetu atakayefika kwenu. Tafadhali angalieni mashavu ya wanafunzi, na mganga mkuu wa wilaya aulizwe habari ya chanjo leo hii. Hapo ndipo alipoweka sahihi, kubwa, iliyonyooka, kalamu ikatoboa karatasi.

"Ataipeleka nani?" fundi mmoja aliuliza. "Si umesema hakuna wa kwenda?"

"Nakwenda mimi. Mimi huu ugonjwa nilishaumaliza, nikaulipia kwa sikio. Haunirudii." Akamgeukia bosi. "Lakini kabla sijaondoka, nina kiporo changu. Vua skafu."

"Nina baridi."

"Vua skafu, bosi."

"Ngoja kwanza," alisema shangazi, akimkazia macho Mkasi. "Wiki tatu zilizopita tulikupima suti. Ukatuambia tusikufundishe kazi, kwamba wewe ulianza ufundi kabla hatujazaliwa. Ukachukua mto mwekundu, ukajibandika kola mwenyewe mbele ya kioo. Pini ulizishika wapi?"

Mkono wa Mkasi ulipanda midomoni wenyewe.

Shangazi hakuomba ruhusa. Alishika ncha ya skafu, akavuta mara moja, kama anavyovuta kitambaa akikipima kwa mita. Shavu la kulia la bosi lilikuwa limejaa mpaka chini ya taya, na sikio limesukumwa juu na nje. Mtoto wa chekechea angeona.

"Meno," alisema Mkasi. Lakini safari hii alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba.

Akakaa. Ule ukali wote ulimtoka, akabaki mwanaume mgonjwa, mwenye homa, aliyekuwa amesimama kwa ubishi tu. Nesi alimwekea kiganja kwenye paji la uso. Kazi ni kazi, hata kwa mtu aliyekufungia mlango.

"Umevimba tangu lini?"

"Juzi."

"Na jana ulishinda wapi? Ofisini hukuwepo."

Mkasi alitazama kikombe chake, zile pini zilizolala chini ya chai.

"Shuleni," alisema.

"Shule gani?"

"Hiyo hiyo. Binti yangu anasoma pale. Kidato cha pili." Alimeza mate, na kumeza kulimuuma. "Mlipopeleka sare za mfano wiki hizo hizo tatu zilizopita, yeye ndiye aliyechaguliwa kuzivaa. Alifurahi sana. Alisema fundi mkuu alimfundisha kazi siku nzima."

Shangazi alifumba macho.

"Jana mlezi wa bweni alinipigia," Mkasi aliendelea. "Akasema binti amevimba. Nikaenda. Nikamwambia mlezi asiwe na wasiwasi. Nikamwambia..."

Hakumalizia. Hakuhitaji. Chumba kizima kililijua neno.

"Simu yangu uliyoninyang'anya," alisema nesi, akanyoosha mkono.

Mkasi alifungua droo, akampa. Nesi alipiga, akaiweka sauti ya nje ili wote wasikie, akaisogeza karibu na sikio lake zima. Iliita mara nne. Ikapokewa, na kabla mtu hajasema neno zikasikika kelele za wasichana, vicheko, viti vikiburutwa.

"Mlezi wa bweni hapa."

"Mama, mimi ni nesi wa kiwanda cha sare. Nisikilize vizuri..."

"Ah, nyinyi! Mbona mmechelewa? Lakini msijali, tumeshaanza wenyewe."

"Mmeanza nini?"

"Kujaribisha sare! Zile za mfano tunazo. Tuna binti mmoja hapa, ni fundi kamili. Kidato chote cha kwanza na cha pili kiko ukumbini, yeye yuko katikati, anawabana mapindo. Ungemwona, pini kumi mdomoni, kama yule mama yenu! Na wenzake amewagawia, wote wanajifunza kuziuma."

Shangazi alishika kona ya meza.

"Binti gani?" aliuliza nesi, ingawa alishajua. "Siye aliyevimba jana?"

"Ndiye. Meno tu, baba yake alituambia. Amesema anataka kushughulika ili asahau maumivu."

"Mama, mtoe hapo. Sasa hivi. Wote wateme pini, wanawe mikono kwa sabuni, yeye akae chumba chake peke yake. Si meno. Narudia, si meno. Mwite sasa hivi, nasubiri."

Walimsikia mlezi akiita jina la yule binti. Vicheko viliendelea. Akaita tena, juu zaidi. Mkasi alikuwa ameinuka kwenye kiti, amelishika shavu lake kwa mikono miwili. Mlezi akaita mara ya tatu, kwa sauti ya kutikisa madirisha, na safari hii ukumbi wote ukanyamaza.

"Ajabu," mlezi alisema kwenye simu, taratibu. "Yuko hatua tatu tu kutoka hapa, amenipa mgongo. Wenzake wote wamenitazama. Mbona yeye hageuki?"